Unyevu wa Hewa na Nukta ya Umande: Ghala Lifunguliwe Wakati Gani?

Maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watunza ghala, makarani wa masjala, watumishi wa vituo vya afya na wananchi wote



Katika maghala ya Visiwani si tabu kumpata mtumishi mwaminifu ambaye, afikapo kazini saa mbili za asubuhi, jambo lake la mwanzo ni kufungua milango na madirisha ili ghala lipate hewa. Hufanya hivyo kwa nia njema, na hufanya hivyo kila siku, masika na kiangazi, Kusi na Kaskazi. Hakuna wa kumlaumu, kwani ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Hata hivyo, baada ya wiki chache za masika, magunia yaliyo karibu na sakafu huanza kunuka uvundo, na likifunguliwa moja lao huonekana kuvu ya rangi ya kijani. Mtumishi huyo hulaumu paa, hulaumu sakafu, na pengine humlaumu aliyeleta mzigo. Ni nadra mtu kulilaumu dirisha.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba dirisha hilo, likifunguliwa wakati usiofaa, huingiza maji ndani ya ghala bila ya tone moja la mvua kuonekana. Kadhalika, ni kueleza kwamba mtu anaweza kujua, kwa kipimo chepesi na hesabu ya kichwani, wakati wa kulifungua na wakati wa kulifunga.

Jambo hili si dogo. Nafaka iliyopata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua, na 125 miongoni mwao wakafariki dunia, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea Tanzania Bara, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo basi, anayetunza ghala la chakula hatunzi mali peke yake.

MAJI YALIYOMO HEWANI

Hewa ina maji ndani yake hata siku ya jua kali. Maji hayo ni mvuke, na mvuke hauonekani kwa macho. Kinachoonekana juu ya sufuria inayochemka si mvuke wenyewe, bali ni matone madogo sana baada ya mvuke kupoa.

Kiasi cha mvuke kinachoweza kuwemo hewani hutegemea joto. Mita moja ya ujazo, yaani nafasi ya urefu, upana na kimo cha mita moja moja, inaweza kuchukua takriban gramu 17 za mvuke katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Katika nyuzi 25 huchukua gramu 23, na katika nyuzi 30 huchukua gramu 30. Kila joto likipanda uzi mmoja, uwezo huo huongezeka kwa asilimia 6 hadi 7. Hii ndiyo sababu wataalamu wa tabianchi husema kwamba dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo na hewa inavyobeba maji mengi zaidi na mvua kubwa zinavyozidi kuwa kubwa.

Chukuliwe mfano wa chumba cha ofisi chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ikiwa joto lake ni nyuzi 30 na hewa yake imejaa robo tatu ya uwezo wake, basi ndani ya chumba hicho mna zaidi kidogo ya lita moja ya maji ambayo hakuna anayeyaona. Chumba hicho kikipozwa kwa ghafla hadi nyuzi 20, hewa yake haiwezi tena kuyachukua maji yote hayo. Kiasi cha robo lita hapana budi kitoke, na kitatua juu ya kile kilicho baridi zaidi: kioo, sakafu, ukuta, au jalada la faili.

ASILIMIA NA UDANGANYIFU WAKE

Watu wengi wamezoea kusikia unyevu wa hewa ukitajwa kwa asilimia. Asilimia hiyo huitwa unyevu wa uwiano, nayo hulinganisha mvuke uliomo hewani na ule ambao hewa ingeweza kuuchukua katika joto la wakati huo. Asilimia 100 maana yake hewa imejaa. Asilimia 50 maana yake imefikia nusu ya uwezo wake.

Kipimo hiki ni sahihi, lakini humpotosha asiyekifahamu, kwa sababu joto likibadilika nacho hubadilika, hata kama hakuna tone lililoingia wala kutoka. Tuseme saa kumi na mbili za asubuhi joto ni nyuzi 24 na unyevu wa uwiano ni asilimia 95. Saa nane za mchana joto limepanda hadi nyuzi 32 na unyevu umeshuka hadi asilimia 60. Msikilizaji atadhani kwamba hewa ya mchana ni kavu zaidi kuliko ya asubuhi. Ukweli ni kwamba mvuke wa nyakati hizo mbili unakaribia kuwa sawasawa. Kilichobadilika ni joto, si maji.

Mfano wake ni mtu aliyenunua pishi moja ya mchele. Pishi hiyo ikitiwa katika kikapu kidogo hukijaza, na ikitiwa katika kikapu kikubwa hukifikia nusu. Anayetazama kikapu peke yake atasema mchele umepungua, ilhali hakuna punje iliyoondoka.

NUKTA YA UMANDE

Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia kipimo cha pili, nacho ni nukta ya umande. Nukta ya umande ni joto ambalo hewa ikipozwa hadi kulifikia, mvuke wake huanza kugeuka maji. Katika mfano uliotangulia, nukta ya umande ya asubuhi na ya mchana ilikuwa karibu nyuzi 23 mara zote mbili. Asilimia ilishuka kwa 35, lakini nukta ya umande haikutikisika, kwa kuwa maji ya hewani hayakubadilika.

Gilasi ya maji baridi yenye kutoa jasho nje ni ushahidi wa kila siku. Maji yale hayakupenya kioo. Yametoka katika hewa ya chumba, baada ya hewa hiyo kugusa kitu kilicho baridi kuliko nukta yake ya umande. Kwa kuwa katika visiwa vya bahari ya joto kama Unguja na Pemba nukta ya umande aghalabu huwa kati ya nyuzi 20 na 25, kitu chochote chenye joto la chini ya hapo kiko katika hatari ya kulowa, kiwe ni gilasi, sakafu ya saruji au gunia.

Umande wa shambani nao hufuata sheria hiyo hiyo. Watu husema kwamba umande hushuka, lakini daktari William Charles Wells, aliyefanya majaribio yake Uingereza na kuyachapisha mwaka 1814, alionyesha kwamba haushuki kutoka juu. Usiku wa mbingu safi na upepo mtulivu, majani na vitu vilivyo wazi hupoteza joto lao kuelekea mbinguni, huwa baridi kuliko hewa inayovizunguka, na mvuke wa hewa hiyo hugeuka maji juu yake. Wells aliona kwamba hata kitambaa chembamba kilichotandazwa juu ya vijiti kilitosha kuikinga nyasi iliyo chini yake isipoe kama ile iliyo wazi. Wakulima wa karafuu wanaozikusanya na kuzifunika jioni kabla ya giza hutenda jambo lenye msingi huo huo. Usiku wa mawingu umande huwa haba, na usiku wa nyota nyingi huwa mwingi. Anayeziacha karafuu nje usiku wa nyota nyingi hulipa sehemu ya jua la siku ya pili kwa kukausha maji aliyoyapokea usiku.

VYOMBO VYA KUPIMIA

Vyombo vya kupimia unyevu ni vya aina nyingi. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alikieleza chombo kilichotumia unywele wa binadamu. Unywele hurefuka hewa inapokuwa na unyevu na hufupika inapokauka. Tofauti hiyo ni ndogo, kiasi cha asilimia 2 na nusu ya urefu wake, lakini hutosha kusogeza mshale. Mwaka 1820 Mwingereza John Frederic Daniell alitengeneza chombo cha kuonyesha nukta ya umande yenyewe, kwa kupoza tufe la kioo mpaka litoke jasho na kusoma joto la wakati ule.

Chombo kifaacho zaidi kwa ghala au skuli ni kile cha vipimajoto viwili vilivyowekwa bega kwa bega. Kimoja huwa kikavu. Cha pili huvishwa utambi wa pamba ambao ncha yake imo katika kichupa cha maji. Ufanyaji kazi wake unafahamika na kila aliyewahi kunywa maji ya mtungi. Mtungi hupoza maji kwa sababu sehemu yake ya nje huwa na majimaji, na maji hayo yanapogeuka mvuke huchukua joto. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka upesi na mtungi hupoa sana. Hewa ikijaa mvuke, maji hayakauki, na mtungi hupoa kidogo tu. Vivyo hivyo, kipimajoto chenye utambi husoma chini kuliko kile kikavu, na ukubwa wa tofauti hiyo hueleza ukavu wa hewa.

Hesabu zifuatazo ni kwa hewa ambayo kipimajoto kikavu kinasoma nyuzi 30, na upepo wa kutosha unapita juu ya utambi:

Utambi ukisoma 28, unyevu ni asilimia 86 na nukta ya umande ni nyuzi 27.4.
Utambi ukisoma 26, unyevu ni asilimia 73 na nukta ya umande ni nyuzi 24.6.
Utambi ukisoma 24, unyevu ni asilimia 61 na nukta ya umande ni nyuzi 21.6.
Utambi ukisoma 22, unyevu ni asilimia 50 na nukta ya umande ni nyuzi 18.3.

Ili kipimo kiwe cha kuaminika, yapo masharti ya kutimizwa. Chombo kiwekwe kivulini, mbali na ukuta wenye joto na mbali na pumzi za anayesoma. Utambi uwe safi na ubadilishwe mara kwa mara, kwani vumbi na chumvi ya upepo wa bahari huuharibu. Maji yawe ya mvua au yaliyotoneshwa, si ya kisima, kwa kuwa maji ya kisima huacha chumvi juu ya utambi. Kabla ya kusoma, utambi upepewe kwa nguvu kwa muda wa dakika chache mpaka kipimajoto kiache kushuka, kisha kisomwe mara moja. Pasipo na upepo, utambi husoma juu kuliko inavyostahiki, na hewa huonekana kuwa na unyevu mwingi kuliko ukweli.

KUPIMA KWA KOPO NA KWA CHUMVI

Asiye na chombo hicho anaweza kuitafuta nukta ya umande kwa njia ya Daniell, akitumia kopo la bati linalong'aa. Kopo hutiwa maji ya kawaida na kipimajoto, kisha vipande vya barafu hutiwa kidogo kidogo huku maji yakikorogwa taratibu. Mara tu ung'avu wa kopo unapofifia kwa ukungu, joto la maji husomwa. Halafu maji huachwa yapate joto, na husomwa tena ukungu unapotoweka. Wastani wa masomo hayo mawili ndio nukta ya umande, kwa makosa machache. Jaribio hili halina gharama kubwa na linafaa sana kwa wanafunzi wa skuli.

Siku hizi vipo pia vipimaunyevu vidogo vya betri vinavyoonyesha asilimia kwa tarakimu. Navyo ni vyema, lakini huweza kukosea, na kosa lao huongezeka kadiri vinavyozeeka. Njia ya kuvihakiki imo jikoni. Chumvi ya kawaida ikitiwa katika kifuniko cha chupa na kulowanishwa mpaka iwe kama tope zito, bila ya maji kuielea, na kifuniko hicho kikawekwa pamoja na kipimaunyevu ndani ya chombo kilichofungwa barabara, basi hewa ya ndani baada ya usiku mmoja itatulia kwenye asilimia 75. Kipimaunyevu kikisoma 80 kimezidisha kwa 5, na kikisoma 70 kimepunguza kwa 5. Kosa hilo liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya chombo.

Kwa mintarafu hiyo hiyo, chumvi iliyo wazi mezani ni kipimo chenyewe. Siku ambayo chumvi inaanza kuyeyuka katika kibakuli, hewa ya chumba imepita asilimia 75. Mama wa nyumbani anayeona chumvi yake imelowa anapaswa kujua kwamba unga, dengu na karanga zake nazo zinakunywa maji ya hewa hiyo hiyo.

Ikijulikana asilimia na joto, nukta ya umande hupatikana kwa hesabu ya kichwani: kila asilimia 5 zinazopungua kutoka 100 hupunguza uzi mmoja wa joto. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 imepungukiwa na asilimia 25, ambazo ni nyuzi 5, basi nukta yake ya umande ni 25. Hesabu hii hufaa pale unyevu unapozidi asilimia 50, na kosa lake ni kama uzi mmoja.

KANUNI YA GHALA

Sasa inafaa kumrudia yule mtunza ghala. Imenyesha kwa siku kadhaa, na magunia yamepoa hadi nyuzi 23. Asubuhi jua limetoka. Hewa ya nje ina nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 88. Kwa kanuni iliyotajwa, asilimia 12 zilizopungua ni zaidi kidogo ya nyuzi 2, kwa hiyo nukta ya umande inakaribia nyuzi 25. Magunia yana nyuzi 23. Mtumishi akifungua madirisha, kila upepo unaoingia utaacha maji juu ya magunia, kama uachavyo maji juu ya gilasi. Jua lile la kupendeza ndilo linaloongeza mvuke, kwa kuukausha uwanja uliolowa mvua na kuupeleka unyevu wake ndani.

Inachotakiwa kulinganishwa, basi, ni joto la mzigo na nukta ya umande ya hewa ya nje. Kipimajoto kichomekwe baina ya magunia na kiachwe humo kwa muda, kisha hesabu ifanywe hivi:

Ikiwa mzigo una joto sawa na nukta ya umande au chini yake, maji yatatua juu ya mzigo. Ghala lisifunguliwe.

Ikiwa mzigo umezidi kwa nyuzi 5 tu, hewa itakayougusa itakuwa na unyevu wa asilimia 75 hivi. Hapo kuvu huota na chumvi huyeyuka. Ghala lisifunguliwe kwa kusudi la kukausha.

Ikiwa mzigo umezidi kwa nyuzi 8 au zaidi, hewa itakayougusa itakuwa na unyevu wa kama asilimia 62 au chini ya hapo. Ghala na lifunguliwe pande zote mbili, upepo upite.

Kwa mfano, mchana wa Agosti wakati wa Kusi, hewa ikiwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 60, nukta ya umande ni kiasi cha nyuzi 20. Mzigo wenye nyuzi 28 umezidi kwa 8, na huo ndio wakati wa kufungua. Aghalabu saa zifaazo ni za mchana, wala si za asubuhi, lakini mazoea yasitangulie kipimo.

Yapo mambo mengine yanayofuata kanuni hiyo. Paa la bati hupoa sana usiku wa nyota, na likipoa chini ya nukta ya umande hudondosha maji alfajiri juu ya magunia, hata kama halina tundu. Dari au mkeka chini ya bati hupunguza maji hayo. Sakafu ya saruji nayo hukaa baridi kuliko hewa, kwa hiyo magunia yawekwe juu ya chaga za mbao na yasigusane na kuta. Muhimu kuliko yote ni kwamba mzigo uingie ghalani ukiwa mkavu. Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, kiwango kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karafuu zisizidi asilimia 12. Ghala huhifadhi ukavu uliokuwepo. Halitengenezi ukavu usiokuwepo.

OFISI, MASJALA NA VITUO VYA AFYA

Katika ofisi zenye viyoyozi hali hugeuka. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huyatoa maji yake, ndiyo maana mfereji wake hudondosha maji nje. Hewa ya ndani huwa na ukavu wa kutosha wakati kiyoyozi kinafanya kazi na milango imefungwa. Tatizo huanza pale kazi inapokwisha. Kiyoyozi huzimwa, madirisha hufunguliwa ili chumba kipumue, na faili zilizopoa hadi nyuzi 20 au 22 hukutana na hewa yenye nukta ya umande ya nyuzi 24. Karatasi hunywa maji hayo kimya kimya. Likirudiwa jambo hilo kila jioni kwa mwaka mzima, majalada hushikana, wino huenea na pini hutia kutu, na kumbukumbu ya haki ya mtu, iwe ni hati ya shamba au cheti cha kuzaliwa, hupotea bila ya moto wala mwizi.

Dawa yake ni nyepesi. Kiyoyozi kisiwekwe chini ya nyuzi 24 bila ya sababu. Kikizimwa, chumba kiachwe kimefungwa mpaka vitu vyake vipate joto la nje. Makabati yasogezwe mbali na ukuta, angalau upana wa kiganja, ili hewa ipite nyuma yake.

Katika vituo vya afya, vipimo vya haraka vya malaria hufungwa kila kimoja katika pakiti yake pamoja na kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Pakiti isifunguliwe ila wakati wa kumpima mgonjwa. Pakiti kadhaa zikifunguliwa asubuhi kwa ajili ya kurahisisha kazi, unyevu unaweza kuharibu vipimo na kuleta jawabu isiyo ya kweli. Kadhalika makopo ya vidonge yafungwe kila baada ya kutumiwa, na kifuko kilichomo ndani kisitupwe.

NYUMBA NA MWILI

Nyumba za kale za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha mvuke, kwa hiyo ukuta uliolowa huweza kukauka. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, maji hufungiwa ndani na hutafuta njia pengine, na lipu hubanduka. Vile vile mchanga wa pwani una chumvi. Hewa ikipita asilimia 75 chumvi hiyo huyeyuka na ukuta hutoa jasho, na hewa ikikauka chumvi huganda tena na kuusukuma udongo nje. Anayekarabati ukuta wa aina hiyo na atumie chokaa na mchanga usio na chumvi.

Mwili wa binadamu nao una kipimo chake cha utambi, nacho ni ngozi yenye jasho. Jasho likikauka mwili hupoa. Hewa ikijaa mvuke jasho hudondoka bila ya kukauka, na joto hubaki mwilini. Wataalamu wamekadiria kwamba kipimajoto cha utambi kikifika nyuzi 35, hata mtu mzima mwenye afya, akiwa kivulini na ana maji ya kunywa, hawezi kustahimili kwa saa nyingi. Majaribio ya miaka ya karibuni yameonyesha kuwa hatari huanza mapema zaidi, kiasi cha nyuzi 31. Wananchi wenye jamaa wanaofanya kazi nchi za Ghuba wanazijua habari za joto la huko. Mjini Dhahran, Saudi Arabia, iliripotiwa nukta ya umande ya nyuzi 35 mwezi wa Julai mwaka 2003. Kwa wapagazi, wajenzi na wavuvi, siku ambayo hata mtungi haupozi maji ni siku ya kupumzika mara kwa mara na kunywa maji kabla ya kiu.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwa muhtasari, yanasisitizwa mambo yafuatayo:

(a) Kila ghala liwe na vipimajoto viwili, kikavu na cha utambi, au kipimaunyevu kilichohakikiwa kwa chumvi, pamoja na kipimajoto cha kuwekwa ndani ya mzigo.

(b) Masomo yachukuliwe asubuhi na mchana, na yaandikwe katika daftari pamoja na saa yake.

(c) Madirisha yafunguliwe kwa hesabu ya nukta ya umande, wala si kwa mazoea.

(d) Nafaka yenye kuvu isichanganywe na nzima, isiuzwe, na isipewe mifugo. Iripotiwe kwa wanaohusika.

(e) Vyumba vilivyopozwa visifunguliwe mpaka vitu vyake vipate joto.

(f) Walimu wa skuli wawaonyeshe wanafunzi jaribio la kopo na barafu, ili elimu hii ifike majumbani.

Yule mtunza ghala hatakiwi kupunguza bidii yake. Anatakiwa kuiahirisha kwa dakika chache tu. Afikapo saa mbili za asubuhi, kabla ya kugusa komeo, na asome nyuzi za nje, asome nyuzi za magunia, atoe hesabu, aandike. Siku nyingine hesabu itamwambia afungue. Siku nyingi za masika itamwambia asubiri hadi mchana, au asifungue kabisa. Chakula kilicho nyuma ya dirisha hilo ni cha watu wengi, na watu hao hawana njia ya kujua dirisha lilifunguliwa saa ngapi.